Fremu ni ya Ukoo, Ringi ni Zangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeosha ringi. Ya nyuma kwanza, maana ndiyo inayokula matope. Maji kidogo, kipande cha kanga kuukuu, kisha majivu makavu pale raba za breki zinapokamata. Halafu kufuta mpaka pakauke kabisa. Marehemu Otmari alikuwa akinicheka, anasema naiogesha baiskeli kuliko ninavyomwogesha yeye. Kweli. Baiskeli haikuwa mbishi.

Safari tatu leo mpaka kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Debe mbili kila safari. Kahawa imeiva yote kwa pamoja mwaka huu, kama imeambizana. Mgongo unauma.

Nikiwa nakausha, shemeji Gaudensi kapita. Ni mdogo wake Otmari wa tumbo moja. Hakutaka kukaa. Alibonyeza tairi kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Akauliza breki zinashika? Nikamwambia zinashika. Akaondoka.

Sikupenda.

Jumatano, 5 Juni

Ringi hizi nilizichagua mimi. Naandika, nisije nikaanza kuamini maneno ya watu.

Otmari nilimkuta na fremu. Fremu nzuri, nyeusi, nzito. Lakini magurudumu yalikuwa yameoza. Alikuwa akishuka ziwani kufuata usipa, wale dagaa wa huko, anafunga gunia kwenye keria likiwa bado bichi, maji yanachuruzika kwenye ringi ya nyuma milima yote mpaka hapa Mpepai. Mvua haiui ringi kama maji ya samaki. Baba yangu kule Chiwanda, ziwani, ni fundi baiskeli tangu ujana wake. Nimekulia miguuni pake. Hilo nalijua kabla sijajua kusoma.

Basi nikavuna maharage yangu, nikaenda Mbinga mjini kutafuta ringi. Nilikaa dukani asubuhi nzima. Mwenye duka alinitolea ringi inayong'aa kuliko zote. Nikailaza juu ya kioo cha meza. Upande mmoja umegusa, upande mwingine karatasi inapita chini. Nikamrudishia. Ya pili, kucha yangu ilinasa pale chuma kilipounganishwa. Hiyo itakula raba za breki mwezi mmoja. Nikarudisha. Ya tatu ilikuwa na matundu thelathini na sita. Ya nini? Habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, inataka arobaini, ya mbele thelathini na mbili. Mwenye duka akasema, "Mama, zote ni sawa tu." Hayo ni maneno ya mtu anayekwenda kazini kwa gari.

Ya sita na ya tisa ndizo nilizochukua. Hazikuwa na mng'ao sana. Lakini zililala mezani kama chapati.

Kusuka nikasuka mwenyewe, hapa kibarazani. Habu mpya, spoku mpya. Otmari alikaa pembeni anapukuchua mahindi na kunipa spoku moja moja. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba amesuka yeye. Alikuwa anatamba nami mpaka naona aibu.

Huyo ndiye mume niliyekuwa naye. Kesho nachuma upande wa mtoni.

Ijumaa, 7 Juni

Sasa najua kidole gumba kilikuwa kinatafuta nini.

Baba mkubwa Osmundi, ndiye mkubwa wa ukoo, ametuma ujumbe. Wiki ijayo Jumapili wanaume watakaa sengu, kile kikao cha ukoo. Shauri ni baiskeli ya marehemu. Gaudensi anasema mali ya kaka inarudi kwa ndugu, na yeye ndiye ndugu aliyebaki. Anataka kufanya biashara ya samaki. Ziwani na kurudi.

Samaki! Maji yaleyale.

Mwaka na miezi mitatu tangu tumzike Otmari. Jembe hawakulitaka. Sufuria hawakuzitaka. Mbuzi mwenye kikohozi walinipa kwa mikono miwili. Sasa kahawa imeiva na mimi nina magurudumu mawili yanayozunguka bila kuyumba, ndipo wamekumbuka undugu.

Sitoi. Naandika hapa na nitasema hukohuko. Sitoi.

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza. Mahubiri yalikuwa juu ya kusamehe. Nilijifanya natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Nje, wifi zangu wawili walikuwa wanazungumza kwa sauti ile ya kunong'ona ambayo mtu wa pili anaisikia vizuri kuliko wa kwanza. Eti mjane hapaswi kupanda mtalimbo, baiskeli ya kiume yenye bomba la juu. Eti ni tabia za watu wa ziwani. Mimi ni Mnyasa, nilibatizwa Anglikana, nimeolewa huku nikahamia Katoliki, nimezaa huku, nimezika huku. Lakini siku ya ugomvi narudishwa ziwani.

Nikawaamkia kwa heshima zote. Kisha nikapanda mtalimbo wangu mbele yao. Nikapiga kengele bila sababu.

Jumatatu, 10 Juni

Ameichukua.

Nilikuwa mtoni nachuma. Nimerudi, kibaraza kitupu. Alama ya tairi vumbini inakwenda mpaka njiani. Jirani amesema Gaudensi alikuja mchana, akasukuma akaenda, akasalimia vizuri tu.

Nimebeba kahawa kichwani. Safari nne. Ya mwisho sikuona njia kwa hasira.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kwake. Ni ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Baiskeli ilikuwa uani, imeegemezwa kwenye banda la mbuzi. Inang'aa. Inang'aa mno. Nikasogea. Nikapitisha kidole kwenye ringi. Mafuta! Amezipaka ringi mafuta ya alizeti, ya mbele na ya nyuma, ndani na nje, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Anataka watu wa ziwani wamwone anavyowaka.

Nilisahau hasira yangu nyingine yote. Nikamwambia ringi haipakwi mafuta pale breki inapokamata. Afute, asugue na majivu, kabla hajashuka popote. Akasema, "Shemeji, chuma bila mafuta kinaota kutu. Hata wewe unajipaka." Mke wake Winfrida alikuwa anatwanga, akacheka. Nikasema, kwa sauti, uani kwao, watu wanapita:

"Ukishuka hivyo kwenye zile kona, utakufa."

Ndivyo nilivyosema. Neno kwa neno. Nikarudi kwa miguu.

Ijumaa, 14 Juni

Hajafa.

Jana alishuka kwenda ziwani. Kona ya pili akabana breki, baiskeli haikusikia. Akabana tena. Akaona bonde linamjia. Akajirusha mtaroni. Mguu umeteguka, mkono umechubuka. Ringi ya nyuma imegonga jiwe, imekunjika. Mbele iko salama. Wamemrudisha kwa bodaboda, baiskeli imefungwa nyuma.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi si mkuu wake, lakini guu limeteguka.

Nilicheka. Naandika ukweli. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Kisha jirani akaniletea habari iliyobaki, na kicheko kikaisha.

Gaudensi anasema nimemroga. Ana mashahidi. Nilisimama uani kwake, nikaishika baiskeli kwa kidole, nikatamka kwamba atakufa. Siku mbili baadaye breki zikakataa. Watu wote walisikia. Mpaka Winfrida.

Jumamosi, 15 Juni

Sikwenda shambani. Kahawa inakauka juu ya miti na mimi nimekaa.

Naogopa. Hiki ndicho kitu ambacho sitamwambia mtu. Baiskeli ukinyang'anywa unatembea kwa miguu. Jina hilo likikushika hutembei popote. Nimeona mama mmoja alivyofanywa, miaka ile. Hakupigwa. Aliachwa tu. Hakuna aliyekuja kumkopa chumvi tena, mpaka akahama mwenyewe.

Frida mwanangu amepiga simu kutoka Songea chuoni. Anasema, "Mama, mpe tu hiyo baiskeli yaishe." Nikamwambia nikimpa sasa ndiyo nimekiri. Akasema kweli.

Kwa hiyo kesho si baiskeli tu. Nikitoka pale bila magurudumu, natoka mchawi.

Nimechekecha majivu. Nimejaza kopo.

Jumapili, 16 Juni

Naandika mkono ukiwa bado una grisi.

Sengu haikuwa imekaa tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, miaka mingi. Wanaume wanakula pamoja uani kwa Baba mkubwa Osmundi, kisha wanaamua. Wanawake wanapika na kusubiri jikoni. Walikuwa wanaume tisa. Baiskeli ilisimamishwa katikati kama mshitakiwa. Gaudensi juu ya kiti, mguu umefungwa kitambaa, umenyooshwa mbele ili kila mtu auone.

Alieleza. Alieleza vizuri, sikatai. Alipofika kwenye "utakufa" wazee waliangalia chini.

Baba mkubwa akauliza nani ananisemea. Nikasema najisemea. Pakawa na manung'uniko. Akasema, "Mama Frida, hapa wanawake hawasemi. Huo ndio utaratibu, sikuuanzisha mimi." Mzee huyu si mbaya. Ila anapenda utaratibu kuliko ugali, na ugali anaupenda sana.

Nikasema, "Shikamoo, Baba mkubwa. Basi sitasema."

Nikaenda kwenye baiskeli. Nikaipindua, magurudumu juu. Gurudumu la mbele lilikuwa zima na mafuta yake yote bado yapo, yameshika vumbi. Nikachukua kopo. Nikasugua nusu ya ringi kwa majivu, nikafuta, nikasugua tena. Raba za breki nazo nikazifuta. Nusu ya pili sikuigusa. Mtu mmoja akauliza huyu anafanya nini, wakamnyamazisha.

Nikabana breki upande uliosuguliwa. Nikamshika Baba mkubwa mkono, nikauweka kwenye tairi, nikamwonyesha kwa ishara: zungusha. Akasukuma. Halikwenda. Akasukuma kwa mikono miwili. Halikwenda. Nikaachia, nikaligeuza upande wa mafuta, nikabana vilevile. Akasukuma kwa kidole. Likazunguka.

Akarudia. Upande huu, upande ule. Mara tatu, mara nne. Akaita na wenzake. Wazee wa watu wakapanga foleni kusukuma gurudumu. Kisha Baba mkubwa akapitisha kidole kwenye ringi, akanusa.

"Haya ni mafuta ya kukaangia."

Na Winfrida, kule jikoni, ambaye naye haruhusiwi kusema, akapaza sauti: "Ndiyo! Na chupa yangu aliimaliza!"

Wanaume wakacheka. Hata mmoja aliyekuwa ananiangalia vibaya tangu nifike, akacheka mpaka akakohoa. Gaudensi akarudisha mguu wake ndani. Uchawi ukaishia hapo. Hakuna aliyeutaja tena.

Baba mkubwa akasema, "Haya, sasa sema. Lakini kwa kifupi."

Nikasema. Fremu ni ya Otmari, alikuwa nayo kabla yangu. Ringi, spoku, habu nilinunua mimi kwa maharage yangu, nikasuka kwa mikono yangu. Gaudensi akasema mali ya mke na mume haigawanyiki hivyo, vitu vikiwa ndani ya nyumba ya mume ni vya mume.

Hapo ndipo nilipomgeukia Baba mkubwa. Nikamuuliza habari za ngoro, mashamba yetu haya ya mashimo mlimani. Mwanamume anakata majani, anayalaza miraba miraba. Mwanamke anachimba katikati ya mraba, udongo anafukia majani. Majani peke yake yanachukuliwa na upepo. Udongo peke yake unachukuliwa na mvua. Nikasema: "Nani hapa amewahi kusikia kwamba ngoro ni ya aliyelaza majani peke yake?"

Mke wa Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Amemchimbia ngoro tangu ni binti. Mzee alimwona. Nilimwona akimwona.

Wakateta. Mchuzi ukawa unapoa. Nadhani mchuzi pia ulinisaidia. Baba mkubwa akatamka: fremu irudi kwa ukoo, Gaudensi aichukue. Magurudumu ni ya mwanamke. Wengine wakaguna, lakini walikuwa wameshanyoosha mikono kunawa.

Gaudensi akacheka. "Atafanyia nini magurudumu mawili? Na moja limekunjika!"

Nikaomba spana.

Nikayafungua palepale, mbele yao, wanakula. Sikuharakisha. Tairi na mipira ya ndani alinunua Otmari, nikazivua, nikamning'inizia Gaudensi kwenye usukani. Sitaki kitu cha mtu. Nikaweka gurudumu moja bega hili, jingine bega hili. Nikaaga kila mmoja kwa cheo chake. Heshima zote nikazitoa.

Nilivuka bonde na magurudumu mabegani. Sijawahi kubeba mzigo mwepesi hivyo.

Jumatano, 19 Juni

Ushindi haubebi kahawa. Nimebeba mwenyewe. Kichwani, siku tatu sasa.

Ringi ya nyuma nimejaribu kuinyoosha. Haifai. Si kupinda, ni kukunjika. Ukipiga nyundo unainua huku inashuka kule, na tundu mbili zimepasuka pembeni. Ringi iliyopasuka kwenye tundu haina dawa. Kuna mafundi wanaofukia ufa kwa rangi wanakuuzia. Hao ndio wachawi.

Mjini maduka matatu. Thelathini na sita. Thelathini na sita. Thelathini na sita. Mmoja akaniambia baiskeli za arobaini zimepitwa na wakati, nibadilishe na habu. Nikamwambia hata wewe umepitwa na wakati lakini mkeo hajakubadilisha. Akacheka, nami nikacheka. Lakini ringi sikupata.

Kesho kutwa nakwenda Chiwanda kwa baba.

Ijumaa, 21 Juni

Basi mpaka Mbamba Bay, kisha bodaboda. Gurudumu nimelipakata njia nzima. Kondakta alitaka liende juu ya paa, nikamwambia liende na yeye.

Kwenye zile kona nilichungulia. Nikaona mtaro wa Gaudensi. Hatua sita zaidi na ningekuwa naandika mambo mengine. Sikucheka safari hii.

Baba amezeeka. Jicho moja limeingia ukungu. Shikamoo, marahaba, na kabla sijakaa alishalishika gurudumu, analizungusha karibu na sikio. Akasema, "Nani kalipiga hili?" Nikamweleza yote, kuanzia mafuta mpaka kopo la majivu. Hakucheka wala hakunisifu. Aliuliza tu kama spoku zilipinda au zilikatika. Ndivyo alivyo.

Jumapili, 23 Juni

Anayo moja. Arobaini. Ya chuma, ya zamani.

Ilikuwa jikoni juu ya kichanja, pale tunapokausha mbasa kwa moshi. Baba ndivyo anavyotunza ringi. Huku kuna unyevu wa ziwa, kuna mchanga, kuna maji ya samaki kila mahali, ukiweka chini mwaka mmoja imekwisha. Moshi unaivika masizi, kutu haiigusi. Ameziweka hivyo miaka yote, ringi na samaki pamoja. Niliisugua kwa majivu na mchanga laini. Chini ya masizi chuma ni safi kabisa. Harufu ya mbasa haikutoka. Haitatoka.

Nimesuka mimi. Yeye amekaa na kikombe cha chai. Spoku kumi za kwanza, kisha kumi za upande wa pili, kisha zile za kupishana. Kila kichwa cha spoku mzunguko uleule, usikaze kimoja ukasahau kingine. Nilipokosea tundu moja alijua kwa sauti ya spana. "Rudi nyuma," akasema. Nikarudi nyuma. Nina miaka hamsini na moja na bado ananiambia rudi nyuma.

Tulipomaliza alilishika kati ya vidole viwili, nikalizungusha. Akaweka kucha karibu na ringi, kama alivyonifundisha, kusikiliza kama itagusa. Mzunguko mzima haikugusa.

"Nenda nalo," akasema. Kwa baba yangu hiyo ni sherehe.

Ndugu zangu wa hapa wananiuliza fremu iko wapi. Wote wanauliza hivyohivyo, na huruma usoni. Sitaki huruma. Fremu nitaipata. Fremu ni mabomba tu.

Alhamisi, 27 Juni

Mpepai. Magurudumu mawili nimeyatundika ukutani chumbani. Nimesimama kuyaangalia.

Fremu kuukuu ziko mjini, nimeona mbili. Moja imeungwa shingoni, ya pili uma umepinda. Nitasubiri. Sinunui kitu kwa kukata tamaa.

Kahawa ya mwisho mwisho. Shingo imekuwa ngumu kama mti.

Jumanne, 2 Julai

Habari za ng'ambo zimefika bila kutafutwa.

Gaudensi kanunua ringi mbili mjini. Zile zinazong'aa. Thelathini na sita, zote mbili, eti kapata punguzo. Kampelekea fundi. Fundi kaziangalia, kaangalia habu kuukuu alizoleta, arobaini na thelathini na mbili, akamwambia kwa upole kwamba hapo labda asuke mkeka. Mwenye duka hataki kuzirudisha.

Baada ya hapo akamtuma mpwa wake kwangu. Ujumbe: anakubali niweke magurudumu yangu kwenye fremu yake, tutumie kwa zamu. Yeye siku za kwenda ziwani, mimi siku zilizobaki.

Nilijibu: asante kwa kunikumbuka. Fremu ikija kwangu, itakaa kwangu. Isipokuja, ikae kwake. Zamu na samaki, hapana.

Wifi mkubwa kaja kunisihi. Anasema nina moyo mgumu. Nikamwambia ndiyo. Nikampikia chai, tukanywa, nikamwambia tena ndiyo. Moyo laini nilikuwa nao mpaka tarehe kumi Juni, mchana.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeshinda nikianika kahawa kwenye vichanja. Hakuna aliyekuja. Nimekosa hata mtu wa kugombana naye.

Usiogope, nimejiambia. Wewe si wa kwanza kutembea.

Jumamosi, 6 Julai

Asubuhi, umande bado upo, Winfrida kaja. Fremu kichwani juu ya kata, kama kuni. Tairi zimening'inia kwenye usukani vilevile nilivyoziacha.

Akaiegemeza ukutani. Akasema amechoka kuanika nguo juu yake. Alimuuliza Gaudensi aifanyeje, Gaudensi akamjibu mbele ya watu aitupe anapotaka. "Nimeitupa hapa," akasema. Hakutabasamu. Nikamletea maji. Kavuka bonde lile na vyuma kichwani, na kahawa yake bado haijaisha kuchumwa.

Tulifanya kazi bila maneno mengi. Yeye akashika fremu, mimi nikaingiza magurudumu. Nikavalisha utepe wa mpira ndani ya ringi, mipira, tairi. Akajaza upepo. Nikabana breki nyuma, nikabana mbele. Nikamwambia naye abane. Akabana, akasukuma, likakataa. Akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe."

Nikampakia kwenye keria kumrudisha. Kushuka bondeni tulikwenda polepole, raba zinakamata, hakuna kilicholia. Mlima wa upande wa pili tukashuka wote tukasukuma, yeye nyuma, mimi kwenye usukani. Njia nzima ilinuka mbasa.

Karibu na kwake tulipishana na wanaume wawili wa sengu ile, wanatoka mnadani. Wakasalimia. Mmoja akaitazama baiskeli juu mpaka chini, akauliza nimeiazima kwa nani.

Nikamwambia sijaazima.